Haki ya Usingizi kwa Wanaokesha Kazini

Mwenyezi Mungu Mtukufu ameujaalia usiku kuwa wakati wa kutulia na mchana kuwa wakati wa kutafuta maisha, na jambo hili kila mwenye kusoma Kurani analijua. Lakini wengi wetu hupita upesi katika aya ya 23 ya Sura ya Ar-Rum, wala hatutambui kwamba hapo usingizi umetajwa wa usiku na wa mchana pamoja, na ukahesabiwa kuwa ni miongoni mwa ishara za Muumba. Basi kulala mchana peke yake si uvivu wala si aibu. Wako waja ambao riziki yao imewekwa usiku, na hao hawana saa ya kulala illa ile ambayo sisi wengine tumo katika shughuli na makelele yetu.

Watu hao wamekuwa wengi Dodoma. Mji huu tangu zamani ni mji wenye watu wa kukesha, maana ulikua pamoja na ile reli iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, na treni haichagui saa ya kupita. Ilipoamuliwa mwaka 1973 kuwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na khasa wizara zilipoanza kuhamia kwa wingi kuanzia mwaka 2016, kazi za usiku ziliongezeka sana. Leo wako wauguzi na madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, wa Hospitali ya Benjamin Mkapa na wa Mirembe. Wako askari, walinzi wa maofisi na majumba, waokaji mikate, mafundi wa umeme na maji, na watu wa reli mpya ya umeme iliyoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi wa Julai 2024. Barabarani hupita usiku na mchana malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo. Na mwaka 2023 Serikali iliondoa lile katazo la mabasi ya abiria kusafiri usiku, lililokuwa limedumu tangu miaka ya 1990, basi madereva nao wakaingia katika jamii ya wanaokesha.

Tunataka kuwazungumzia watu hawa, na zaidi tunataka kuzungumza na wale wanaoishi nao. Maana tumeona kuwa mtu anapolalamika kuwa kazi ya usiku inamchosha na usingizi wa mchana haumjii, shauri analopewa upesi ni dawa. Ataambiwa anunue vidonge vya kumlaza asubuhi, na usiku atafute kitu cha kumwamsha. Vidonge vya usingizi, kama vile diazepamu, ni vya kutolewa na daktari kwa sababu maalumu na kwa siku chache. Mwili huvizoea, kisha hutaka zaidi, na anayevimeza asubuhi aweza kuamka jioni akiwa bado na uzito kichwani, akaenda nao kazini. Ama mirungi, ambayo baadhi ya madereva huitafuna ili wasilale, sheria ya Tanzania imeipiga marufuku, nayo humnyima mtu usingizi hata saa ile anapouhitaji. Hatusemi kuwa dawa haifai kwa mgonjwa aliyeandikiwa na tabibu wake. Tunasema kuwa sehemu kubwa ya taabu hii hutokana na chumba, mwanga, kelele na desturi za nyumba, na mambo hayo hayauzwi katika duka la dawa.

SAA ILIYOMO MWILINI

Kwanza tufahamu kwa nini usingizi wa mchana ni mgumu hata kwa mtu aliyechoka kabisa. Ndani ya ubongo, nyuma ya macho, mna kundi dogo la chembe hai zinazofanya kazi mfano wa saa. Saa hiyo huamuru lini joto la mwili lipande na lini lishuke, lini tumbo liwe tayari kwa chakula, na lini itolewe homoni iitwayo melatonini, ambayo huuambia mwili kuwa usiku umeingia. Mnamo mwaka 2017 wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyoendeshwa ndani ya chembe za mwili. Nao waliigundua siri hiyo kwa kuchunguza vijinzi vidogo vinavyorukia matunda yaliyoiva.

Saa hii hurekebishwa na mwanga, khasa mwanga wa jua la asubuhi. Mtu akikesha usiku kucha kisha akatoka nje saa moja asubuhi, akatembea kutoka hospitali mpaka nyumbani katika jua la Dodoma ambalo halina wingu wala kivuli, macho yake yameuambia ubongo kuwa siku ndiyo kwanza inaanza. Anafika kitandani amechoka, lakini mwili umekwisha pokea amri ya kuamka. Ndiyo sababu wanaolala mchana aghalabu hupata saa tano au sita tu, na usingizi wenyewe hukatika katika.

Je, mwili hauzoei? Swali hili alilijaribu Profesa Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1938. Aliingia na mwanafunzi wake katika pango la Mammoth, katika jimbo la Kentucky, wakakaa humo siku 32 pasipo kuona jua, wakafuata siku ya saa 28 badala ya saa 24. Mwanafunzi, aliyekuwa kijana, mwili wake ulifuata ratiba ile mpya. Profesa, aliyepita miaka arubaini, mwili wake ulikataa mpaka mwisho. Watu wawili ni wachache mno kwa kutoa hukumu, lakini wengi waliofanya kazi za zamu watalitambua jambo hili katika nafsi zao: ule mkesha ambao mtu aliuchukulia kwa wepesi akiwa na miaka 25, humwelemea afikapo miaka 50. Wala haifai mzee wa kazi aambiwe kuwa amelegea, kwani mwili wake haumtii kama zamani. Na mtu anayekesha usiku mitatu kisha akarudi zamu ya mchana hazoei kabisa, akiwa kijana au mzee, maana saa ya mwili husogea kidogo kidogo, na kabla haijafika anakotaka, ratiba imekwisha badilika.

Mwili huwa dhaifu kuliko wakati wote baina ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri. Joto lake hushuka, fikra huwa nzito, na macho hufumba bila ya ruhusa ya mwenyewe. Ile ajali ya kiwanda cha sumu cha Bhopal, India, ilitokea katika usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, na mtambo wa Chernobyl ulilipuka saa saba na dakika 23 usiku, tarehe 26 Aprili 1986. Hatusemi kuwa usingizi peke yake ndio uliosababisha misiba hiyo, kwani makosa yalikuwa mengi. Lakini ni vyema kujua kuwa makosa ya usiku huwakuta watu ambao uwezo wa kuyarekebisha umepungua.

Na hapa pana jambo ambalo Mwislamu inampasa alitazame kwa makini. Wataalamu wa Australia walitangaza mwaka 1997 kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hutenda kazi za mikono na fikra kama mtu mwenye ulevi wa asilimia 0.05 katika damu yake, kiwango ambacho katika nchi nyingi humzuia mtu kuendesha gari. Na akifika saa 24 huwa kama aliyekunywa takriban mara mbili ya hapo. Basi mcha Mungu ambaye hajapata kuonja pombe maishani mwake aweza kukaa nyuma ya usukani, au kushika bomba la sindano, hali yake kama ya mlevi, naye hajijui. Sisi tunaokataa kupanda gari la dereva mlevi hatujazoea kumwuliza dereva wetu amelala lini.

CHUMBA CHA MTU ANAYELALA MCHANA

Wagogo, wenyeji wa nchi hii, walijenga tembe: nyumba fupi yenye kuta nene za miti na udongo, paa bapa lililofunikwa udongo juu, na matundu machache ya kuingiza mwanga. Siku hizi wengi huidharau, lakini kwa anayelala mchana haikupata kujengwa nyumba bora kuliko hiyo katika uwanda huu. Ndani yake mna giza saa sita mchana, na joto la nje huchelewa kupenya. Nyumba zetu za sasa zina madirisha makubwa ya vioo na paa la bati, na aghalabu bati hilo halina dari chini yake. Ifikapo saa tano, khasa katika miezi ya Oktoba na Novemba, chumba hicho ni tanuri. Kisha tunamlaumu mlinzi kuwa amesinzia kazini, naye ametokwa na jasho mchana kutwa.

Hatumwambii mtu akabomoe nyumba yake. Lakini katika nyumba yenye mtu wa zamu ya usiku, fedha ya kwanza itakayopatikana na iwekwe katika dari ya chumba chake kabla ya kununua makochi. Apewe chumba cha upande wa magharibi, kwa kuwa jua la asubuhi halikipigi, nacho hubaki na ubaridi mpaka adhuhuri. Dirisha lifunikwe kwa kitambaa kizito cheusi, au blanketi kuukuu, hata mtu akinyoosha mkono asiuone vizuri. Pazia jepesi la maua ni pambo tu. Na kwa kuwa hewa ya Dodoma ni kavu katika miezi isiyo ya mvua, kanga iliyoloweshwa maji ikatundikwa mahali upepo unapoingilia hupunguza joto la chumba kwa namna ya ajabu. Njia hii ni ile ile ya mtungi wa maji unaopoa kwa kuwekwa upenuni.

Giza lianze njiani. Anayetoka zamu asubuhi avae miwani ya jua na kofia pana, au mtandio uliosogezwa mbele ya uso, akaende nyumbani moja kwa moja bila ya kupitia sokoni. Lakini mwenye kuendesha gari au pikipiki asivae miwani hiyo ikiwa inamzidishia usingizi. Na akihisi macho yanafumba, salama yake ni kuegesha chombo na kulala robo saa pembeni, au kupanda gari la mwingine.

Kelele ndiyo adui mkubwa zaidi. Redio, runinga, watoto, kinu, mlango wa bati, jirani anayeita kwa sauti kutoka uani, mgeni anayetaka kumsalimu mwenye nyumba maadam amesikia kuwa yupo. Tunawajua watu ambao hawathubutu kumwamsha mtu saa nane ya usiku ila kwa msiba au moto, na watu hao hao humwamsha mlinzi saa tano ya asubuhi ili awaambie ufunguo uko wapi. Saa tano asubuhi kwake ndiyo saa nane ya usiku kwenu. Wekeni alama mlangoni, waambieni majirani na jamaa, na simu yake ikae kwa mtu mwingine wa nyumbani ambaye atapima lipi la kuamsha na lipi la kungoja. Watoto wakifundishwa hufahamu. Mtoto wa miaka mitano aliyeambiwa kuwa baba alikuwa akilinda watu usiku, naye sasa ni zamu yake kumlinda baba, hutembea kwa ncha za vidole na kujivunia kazi yake.

MAMA ANAYEKESHA

Hapa tunafika penye uzito wa maneno yetu, na pengine wako watakaochukia. Wengi wa wauguzi ni wanawake. Mwanamume akirudi kutoka zamu ya usiku, nyumba humwandalia maji na chai, kisha humwacha alale. Mwanamke akirudi kutoka zamu ile ile, hukuta vyombo vya jana usiku, nguo za watoto, na mtu anayemwuliza mchana tutakula nini. Atapika, atafua, atampokea mtoto kutoka shule, na jioni ataoga na kwenda tena kupima dawa za wagonjwa. Usingizi wake wa siku nzima ni saa tatu. Anayehatarishwa hapo ni yeye mwenyewe, na pamoja naye ni yule mgonjwa aliyelala kitandani, ambaye huenda ni mama yetu au mtoto wetu.

Nyumba inayopokea mshahara wa muuguzi imekwisha ikubali kazi yake ya usiku, basi haina budi kuukubali usingizi wake wa mchana. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake. Mume atakayechota maji, akapika uji wa watoto na kuwapeleka shule siku ambazo mkewe yuko zamu ya usiku hakupungukiwa na kitu. Na mama mkwe, ambaye katika nyumba nyingi ndiye mwenye neno, akisema mara moja tu kwamba huyu asiamshwe, nyumba nzima itatulia. Tena watu wanaofanya hesabu ya chakula wapike jioni iliyotangulia: ugali na mlenda vyaweza kungoja mpaka saa tisa alasiri, atakapoamka.

Msomaji atakumbuka khabari ya Abdullah bin Amr (r.a.), aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama kwa ibada usiku wote. Mtume (s.a.w.) alimzuia, akamjulisha kuwa mwili wake, macho yake na mkewe wote wana haki juu yake. Ikiwa jicho lina haki mbele ya ibada ya sunna, basi lina haki pia mbele ya sahani chafu.

USIKU WENYEWE

Katika siku ya kwanza ya zamu ya usiku ni vyema mtu alale saa moja na nusu hivi alasiri kabla ya kwenda kazini, asije akaanza usiku akiwa amekwisha kaa macho tangu alfajiri. Wazee wetu walikuwa na kailula, ule usingizi mfupi wa mchana, na waliouacha wamepoteza kitu chenye faida. Kazini, palipo na taa kali, akae karibu nayo katika nusu ya kwanza ya usiku, kisha ampunguzie mwili mwanga kadiri mapambazuko yanavyokaribia, kama kazi inaruhusu.

Ikiwa wako wawili au zaidi, na msimamizi ameruhusu, wapeane nafasi ya kulala dakika ishirini kabla ya ile saa ya udhaifu tuliyoitaja. Zisizidi nusu saa. Anayezama katika usingizi mzito akaamshwa ghafla hubaki katika ukungu wa fikra kwa muda, wala haifai ashike dawa au usukani mpaka apite robo saa au zaidi, amenawa uso na kutembea.

Kahawa ni halali na ni nzuri, nasi hatutaki kumkosanisha mtu wa Dodoma na muuza kahawa wa kituo cha treni. Lakini nguvu yake hukaa mwilini muda mrefu. Baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo katika damu. Anayetaka kulala saa mbili unusu asubuhi anywe kikombe chake cha mwisho saa nane usiku, wala asiongeze zaidi. Vile vinywaji vya makopo vinavyosifiwa kuwa vinatia nguvu vina kafeini hiyo hiyo pamoja na sukari nyingi mno. Chakula kikubwa kiliwe kabla ya kazi. Saa nane usiku tumbo limelala, na wali wa nazi ulioliwa saa hiyo hukaa kama jiwe. Karanga, ndizi, yai au uji mwepesi hutosha.

Neno moja kwa walinzi. Usiku wa Juni na Julai katika uwanda huu ni baridi, na wengi huingiza jiko la mkaa katika kibanda na kufunga mlango. Moshi wa mkaa usioonekana huua mtu aliyesinzia bila ya yeye kuhisi. Koti zito, kofia ya sufu na kuzunguka uwanja kila baada ya muda ni bora, na jiko likae nje.

Je, haya yote yamethibitika? Mwaka 2016 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima tafiti za tiba, lilichapisha uchunguzi juu ya njia zisizo za dawa kwa watu wa zamu: mwanga mkali, usingizi mfupi kazini, mazoezi ya mwili na mafunzo ya kulala. Walipata tafiti 17 zenye watu 556 tu, wakasema kuwa ushahidi ni dhaifu na hautoshi kukata shauri. Tunaitaja khabari hii ili msomaji asidhani kuwa tunamwuzia hirizi. Faida moja ya njia hizi ni kuwa mtu akizijaribu na zisimfae, hapati khasara kubwa. Hawezi kusema hivyo aliyejaribu vidonge. Lakini aliyefanya yote akakaa majuma kadhaa bila ya kupata usingizi, au anayekoroma sana na kukatika pumzi, au mwenye kisukari, kifafa au shinikizo la damu, aende kwa daktari na amweleze kuwa anafanya kazi usiku. Wengi hulisahau neno hilo la mwisho, nalo ndilo muhimu.

MWAJIRI NAYE

Haifai mzigo wote kuachiwa mfanyakazi na mkewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inauhesabu usiku kuwa ni tangu saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na inamwamuru mwajiri amlipe anayefanya kazi saa hizo nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Inakataza zamu kuzidi saa 12, na inataka mtu apumzike saa 12 mfululizo kabla ya kurudi kazini, na saa 24 katika kila juma, ijapokuwa imeruhusu mapatano maalumu katika baadhi ya hali. Mama mjamzito halazimishwi kazi ya usiku katika miezi 2 kabla ya kujifungua, wala miezi 2 baada yake. Asilimia 5 ni kidogo sana, ndivyo tuonavyo sisi. Lakini hata hiyo wako walinzi ambao hawajapata kuisikia.

Zaidi ya sheria, mwajiri mwenye akili hupanga zamu ziende mbele, yaani asubuhi, kisha jioni, kisha usiku, kwani mwili huona wepesi kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Na ratiba itolewe mapema, nyumba ipate kujipanga.

SALA NA SAUMU

Wasomaji huuliza, ikiwa nitalala asubuhi mpaka alasiri, adhuhuri yangu itakuwaje? Tutazame saa zetu hapa Dodoma. Jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa moja kasoro robo kwa kufuata miezi, basi sala ya alfajiri isaliwe kazini, isingojewe nyumbani; na maji ya udhu wakati huo humfaa mtu katika saa yake ya udhaifu. Adhuhuri huingia kati ya saa sita na dakika ishirini na saa saba kasoro dakika kumi, na alasiri huingia kuanzia saa tisa unusu mpaka saa kumi na dakika chache. Anayelala saa mbili unusu na kuamka saa nane unusu amepata saa sita kamili, na adhuhuri yake bado iko katika wakati wake. Atie saa ya kumwamsha, au amwombe mtu wa nyumbani. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumwamsha saa saba kwa kugonga mlango, wala hakuna sababu ya yeye kuikosa sala. Siku ya Ijumaa humbidi mwanamume aigawe siku yake: alale mapema awezavyo, aende msikitini, kisha arudi kumalizia.

Katika Ramadhani taabu hugeuka sura. Mfungaji wa zamu ya usiku hufuturu, husali, huenda kazini, hula daku huko huko, kisha hulala mchana akiwa amefunga. Kwa upande wa njaa mambo yake ni mepesi kuliko ya wengine. Kinachomtaabisha ni kiu katika chumba cha joto, na kukosa ule usingizi wa alasiri, kwa kuwa saa hizo nyumba nzima imo jikoni. Daku yake na iwe saa kumi hivi, yenye maji ya kutosha na chakula kisicho na chumvi nyingi, kahawa aiache kwenye futari tu, na watwangao na wakaangao wahamishie kazi hiyo upande wa pili wa uwanja mpaka saa tisa.